Mkono wa Gauni Uliochelewa Misikhu

Mwalimu wa Kompyuta alikuwa mtu wa kusalimu mara moja. Akikupita umeinamia ndoo, au mdomo umejaa pini kama wangu ulivyokuwa kila siku, anasema "Habari ya asubuhi," na usipoitika papo hapo amekwenda zake. Harudii. Kesho yake ukimlaumu anakujibu, "Nilisalimu, madam. Kama haikukufikia, hiyo sasa si yangu." Pale chuoni walimwita mwenye maringo, na sitabishana nao. Maringo alikuwa nayo. Lakini nimeishi na watu wanaokusalimu mara tatu huku wanakuchimbia shimo, kwa hivyo salamu yake moja ilinitosha.

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa Kitale, upande wa Tuwan. Mimi nilifundisha ushonaji, yeye kompyuta, na kati ya madarasa yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Miaka yote ile nilisikia masomo yake, naye alisikia cherehani zangu. Alizaliwa kwa nani sijui, na sikuwahi kuuliza, maana alikuwa mtu wa kukukata swali likiwa bado mdomoni. Ninachojua ni kile kilichopenya ule ukuta na kile nilichoona kwa macho yangu. Nakieleza nikiwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Alivaa tai siku zote, hata siku za kupanda paa. Viatu vyake vilikuwa na matope ya wiki iliyopita, lakini kompyuta za chuo alizifuta kwa leso yake mwenyewe, moja moja, kama mama anayefuta watoto makamasi kabla ya ibada. Alikuwa mzee wa kanisa, tena wa kiti cha mbele, na mahubiri yakianza tu anasinzia. Githeri ya chuo aliila kwa kuchagua maharagwe kwanza, mahindi akiyaachia mwisho, na ukimtania anaendelea kuchagua. Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba huyu mtu wa mitandao, aliyetaka dunia nzima iongee, simu yake ilikuwa imezimwa kutwa. Ukimtafuta humpati. Mke wake alikuwa akinipigia mimi.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ile ya Bungoma. Mfadhili wetu alikuwa na chuo kingine kule mjini Bungoma, cha wasichana watupu, na kule walikuwa na kompyuta lakini hawana wa kuwafundisha. Ilikuwa miaka ile ambayo intaneti ni kitu cha kufuatwa saiba, kwenye vibanda vya kompyuta za kulipia, unakaa kwenye foleni kungoja ukurasa mmoja ufunguke. Mwalimu akasema ataunganisha vyuo viwili kwa hewa, bila waya. Tulicheka sisi wote. Juu ya paa la ukumbi akafunga bamba jeupe la plastiki, pana kama sinia ya pilau, tukaliita sinia. Lilitazamana na lingine lililokuwa juu ya kinu cha mahindi pale Kamukuywa, kwa sababu Bungoma ni mbali na mawimbi hayafiki kwa hatua moja, halafu Kamukuywa ikapokeza Bungoma. Kila Jumamosi alikwenda huko mwenyewe kupangusa unga wa kinu kwenye kisanduku cha kupokezea mawimbi, na tai yake shingoni.

Ikashika. Wasichana wa Bungoma wakawa wanapata somo kutoka Kitale, na sisi tukaacha kucheka.

Lakini alikuwa na ulimi. Siku moja kwenye mkutano wa walimu, watu watatu wakizungumza kwa pamoja na Mkuu wa chuo akizungumza juu yao, Mwalimu alisimama akasema, "Kile kisanduku cha Kamukuywa kina adabu kuliko sisi. Kabla ya kusema kinasikiliza kwanza kama kuna mwingine anaongea. Kikigongana na mwingine, wote wananyamaza, kila mmoja anangoja kivyake, ndio wanajaribu tena. Sisi hapa tunagongana tu." Walimu wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na alikumbuka kila aliyemcheka tangu shule ya msingi. Nilimwona akimtazama Mwalimu, nikajua hilo neno limehifadhiwa mahali.

Sasa niseme habari ya gauni, kwa sababu bila gauni hutamwelewa.

Wanafunzi wake walikuwa hawaelewi barua inavyosafiri hewani. Kila siku nasikia kupitia ukuta, "Mwalimu, si inaenda tu yote?" na yeye anakaripia. Siku moja akaingia darasani kwangu bila hodi akaniomba nikate gauni la kitenge, la kipimo cha mwenzangu aliyefundisha ushonaji Bungoma na aliyekuwa na harusi ya kuhudhuria, ila nisilishone. Nikakata. Kifua, mgongo, mikono miwili, kola, vipande vya sketi. Akawaita wanafunzi wake na wangu, akabana karatasi kwa pini juu ya kila kipande: kimetoka Kitale, kinakwenda Bungoma, ni cha ngapi, na viko vingapi kwa jumla.

"Njia je, hatuandiki?" akauliza msichana mmoja.

"Njia si kazi ya kipande. Kipande kinajua kinakokwenda tu. Njia ni kazi ya wale walio njiani."

"Lakini mwalimu, si tumpatie mtu mmoja abebe yote, tumalize hii maneno?"

"Na huyo mtu akilewa?"

Wakagawa vipande kwa yeyote aliyekuwa anaelekea upande ule. Kifua kikaenda na dereva wa lori la mahindi kupitia Webuye. Kola ikaenda na mama wa kanisa aliyekuwa na matanga Kimilili. Mkono mmoja, kipande cha nne, akapewa mama muuza vitunguu. Kule Bungoma mwenzangu akakaa na meza tupu akingoja, na kila kipande kikimfikia anatuma ujumbe: nimepata cha saba, nimepata cha pili. Havikuja kwa mpangilio, na Mwalimu alifurahia hilo kuliko chochote. "Usiamini kilichofika kwanza ndicho cha kwanza," aliwaambia. "Yeye atapanga kwa namba."

Cha nne hakikufika. Tukangoja. Mwenzangu akatuma ujumbe: "Madam, mkono moja bado haijafika, na harusi ni Jumamosi." Mwalimu akaja kwangu.

"Kata mwingine."

"Si tungoje kidogo? Huyo mama anaweza kuwa yuko njiani bado."

"Anayepokea asiposema nimepata, unatuma tena. Hakuna kungoja huruma. Kata."

"Na asipopata huo mwingine?"

"Unatuma tena. Mashine ina subira kuliko wewe na mimi, madam."

Nikakata, ukaenda, ukafika. Gauni likashonwa na mwenzangu akalivaa harusini, na wanasema lilimkaa vizuri. Ule mkono wa kwanza ulifika baadaye sana, watu wameshasahau harusi. Yule mama alikuwa ameshuka Misikhu siku ya soko, vitunguu vikanunuliwa vizuri, akaendelea na maisha yake. Alipoupeleka hatimaye Bungoma ukinuka vitunguu, alisema tu, "Nirisahau kabisa, mama, si unajua soko." Wanafunzi wa kule wakamuuliza Mwalimu kupitia sinia, sasa huu tuufanye nini, umetoka mbali hivyo. Akawauliza cha nne kipo? Wakasema kipo, kimeshashonwa. "Basi huo ni wa kutupwa. Mashine haiulizi ulikuwa wapi. Haina pole." Mimi niliudhika, maana kilikuwa kitenge kizuri.

Hapo ndipo ninapomshangaa mpaka leo. Mtu anayefundisha hivyo, anayesema kwamba kisichojibiwa kinatumwa tena, yeye mwenyewe hakuwahi kuomba kitu mara mbili. Aliwahi kuomba meza mpya, akanyimwa, akatumia mlango wa zamani juu ya mawe mpaka mwisho. Aliomba bodi imwajiri kwa kudumu, maana alikuwa wa mkataba wa muhula kwa muhula, wakamwambia ngoja, akangoja bila kuuliza tena. Nilimwambia, "Wewe, si uwakumbushe?" Akasema, "Walisikia." Alipenda haki ije yenyewe kwa miguu yake. Haki ya wapi hiyo, jamani.

Basi tukaambiwa mgeni anakuja kutoka ofisi ya mfadhili, Nairobi, kuja kuona sinia kwa macho yake. Bodi ikamwambia Mwalimu wazi: kazi ikionekana, unaajiriwa kwa kudumu, na vyuo vingine vinaunganishwa. Nilimwona siku zile akisalimu watu kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Kwake hiyo ilikuwa furaha.

Sasa, mgeni akija kwetu, mnajua kinachofanyika. Kunapakwa rangi. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, mashina ya miti yanapakwa chokaa, geti linapakwa, tangi la maji linapakwa, mlingoti wa bendera unapakwa. Kitu kikiwa na uvundo ndani hakuna anayejali, mradi nje king'ae. Mkuu alitoka na fundi wa rangi akasimama getini, akanyoosha mkono akasema, "Kila kitu mgeni atakachoona akiwa hapa, paka." Fundi akapaka. Yalibaki mabaki ya ile rangi ya fedha ya geti na tangi, na kutoka getini sinia lilionekana vizuri kabisa juu ya paa, limechakaa kwa jua na vumbi. Akapanda akalipaka na lenyewe, tabaka mbili, likang'aa kama sufuria mpya.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa Bungoma akiwapanga wasichana ambao wangetuma picha ya gauni na barua ya kumkaribisha mgeni. Alirudi asubuhi ya sherehe, mgeni ameshafika, watu wameshakaa hemani na soda zimeshafunguliwa. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ukumbini. Hakuna kitu. Akajaribu tena, hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimekaa na wasichana wangu upande wa hema, nikamwona akitoka ukumbini haraka, akipanda ngazi na tai yake, akikaa juu kidogo, akishuka. Alimwendea Mkuu pale meza kuu, akamwinamia, akamwonyesha kidole chake. Kidole kilikuwa kinang'aa. Mkuu alitazama huku na huku, akakishika kile kidole akakishusha chini ya meza, akitabasamu upande wa mgeni. Mimi sikuelewa kitu. Mtu ametoka kwenye paa, ana rangi kidoleni, nilidhani amejichafua.

Halafu Mkuu akachukua kipaza sauti. "Mgeni wetu mheshimiwa," akasema, "sisi kama chuo tumefanya upande wetu. Mtambo ndio ule, unauona unavyong'aa. Shida iliyopo hapa ni ya mwalimu, na tutaishughulikia."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Nilingoja aseme. Hema zima lilingoja aseme. Alirekebisha tai, akatembea mpaka darasani kwake, akafunika kompyuta moja moja kwa vitambaa nilivyokuwa nimemshonea, akaondoka kwa geti lile lile lililonuka rangi. Muhula uliofuata mkataba wake haukutolewa. Hakuna aliyemuaga rasmi, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Mvua zikaja. Na rangi ya kupakwa haraka juu ya plastiki laini, bila kusuguliwa, haina maisha. Ikaanza kubanduka. Nikawa naokota magamba ya fedha mbele ya mlango wa darasa langu, yanakwama kwenye nguo za wanafunzi. Wiki hiyo hiyo mwenzangu akanipigia kutoka Bungoma. "Madam, hii kitu imewaka yenyewe! Taa inapepesa, barua zinaingia." Mimi nimekata nguo maisha yangu yote, najua kitu kinachobanduka na kitu kinachotokea baada ya kubanduka. Nikachukua gamba moja nikampelekea kijana aliyekuwa ameajiriwa mahali pa Mwalimu. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Hii ina unga wa chuma ndani, madam. Ni kama mlifunika hiyo antena na sufuria. Haiwezi pitisha kitu."

"Kwa hivyo si Mwalimu."

"Si mwalimu," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Mkutano wa walimu uliofuata, Mkuu akatangaza kwamba tumshukuru Mungu, mtaalamu mpya amerekebisha kilichoharibiwa. Kijana akainamisha kichwa, akapigiwa makofi. Nikasimama na gamba langu la rangi mkononi, nikaeleza yote, kutoka getini mpaka mvua. Walimu wenzangu wakatazama chai yao. Mkuu akaniangalia kwa upole, ule upole wake, akasema, "Madam, wewe shona." Nikasema tena mwezi uliofuata, nikasema tena muhula uliofuata. Niliitwa mpenzi wa Mwalimu, niliitwa mchochezi, kuna mmoja alisema ati nimekosa kazi ya kufanya. Mkuu hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Alijua tangu kile kidole.

Yeye naye alihamishwa baada ya miaka, akaagwa kwa keki. Akaja Mkuu mwingine, mwanamke mkimya. Nikamweleza siku ya kwanza kabisa, kabla hajaambiwa mimi ni nani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita fundi wa rangi, fundi akasema ndio, nilipaka, si niliambiwa kila kitu. Akaenda kwa bodi. Aliporudi aliniambia, "Tafuta huyo mwalimu. Nafasi ipo, ya kudumu, na nitasema mbele ya wanafunzi na walimu kwamba hakukosa." Nililia ofisini kwake, na mimi si mtu wa kulia.

Simu imezimwa, kama kawaida. Mke wake alikuwa ameshabadilisha namba. Mwenzangu wa Bungoma ndiye aliyesema, "Huyo yuko Misikhu. Anauza kwa duka ya dawa ya ng'ombe, ya shemeji yake." Misikhu tena, nikawaza, na nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, kati ya mbegu za mahindi na chupa za dawa ya kupe. Tai hakuwa nayo. Shingo yake ilionekana nyembamba bila tai, na nywele zilikuwa zimepungua. Nikasema "Mulembe, Mwalimu," akaitika "Mulembe, madam," kana kwamba tulionana jana kupitia ukuta. Akanipa kiti. Sikuwa na subira ya kuzunguka, nikamweleza yote: rangi, mvua, magamba, bodi, Mkuu mpya, nafasi, kwamba atasafishwa jina mbele ya watu wote.

Alinisikiliza akipanga chupa.

"Ya rangi nilijua," akasema. "Nililigusa sinia mwenyewe. Nilimwambia pale pale mezani."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwalimu!" Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikujali. "Si wewe uliyetufundisha? Si ulisema asipojibu unatuma tena? Kipaza sauti kilikuwa pale. Mgeni alikuwa pale. Ungesema mara ya pili tu, mara moja zaidi, tungekuwa wapi leo?"

"Hiyo ni mashine, madam. Mashine haioni aibu."

Nje watu wa soko walikuwa wanabishana juu ya bei ya kuku. Nikamwambia haya, yaliyopita yamepita, sasa nimekuja, twende, Jumatatu uanze. Nilikuwa nimeshonea kompyuta zake vitambaa vipya, navyo nimevibeba kwenye mfuko, na niliutoa ule mfuko nikauweka juu ya kaunta. Hakuufungua.

"Ule mkono wa gauni," akasema, "uliopotelea hapa Misikhu. Si ulifika mwishowe?"

"Ulifika."

"Wakaufanyia nini?"

Nilijua anakonipeleka, na nilitamani sana kudanganya. "Waliufutia mafuta ya cherehani," nikasema. "Mpaka ukaisha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi ambaye hakutarajia ajibu. Akausukuma mfuko kwangu juu ya kaunta. Nilisikia hasira, na sijui hadi leo ni kwa nani zaidi, kwa Mkuu yule au kwake yeye.

Hapo akaingia mzee mmoja mwenye koti refu, akasimama mbele ya dawa za kupe akizisoma midomo ikicheza. Mwalimu akamsalimu. Mzee hakusikia, akaendelea kusoma chupa. Mwalimu akaegemea kaunta, akamsalimu mara ya pili.